Vyombo Anavyoviosha Baba

Mpendwa Shangazi wa safu hii,

Nakuandikia kwa sababu nahitaji mtu wa kuniambia ukweli kabla ya Jumapili, na walio karibu nami ama wananionea huruma ama wananicheka, na vyote viwili havinisaidii.

Mimi ni mwanamke kijana, sijaolewa, nafanya kazi ya kusahihisha miswada kwenye kampuni ya uchapishaji, kazi ambayo mtu unakaa kutwa ukitafuta walipokosea wengine, na sijui kama kazi hiyo ndiyo iliyonifanya hivi au niliichagua kwa kuwa tayari nilikuwa hivi, lakini nikiingia chumbani kwa mtu macho yangu huona doa kabla hayajamwona mwenye chumba. Naishi na baba yangu. Ni fundi redio mstaafu, mtaani kwake walimwita Mzee Mawimbi, na goti lilipomzidi akawa hawezi tena kukaa kwenye kile kigoda chake kutwa nzima, mimi ndiye niliyekwenda kumchukua. Kaka yangu naye alimtaka, lakini kwa kaka kuna watoto wanne na televisheni isiyozimwa, na baba angelala kwenye kochi sebuleni, kwa hiyo nikasema hapana, baba atakuja kwangu, kwangu kuna utulivu. Ndivyo nilivyosema, Shangazi, kwa neno hilohilo.

Nyumba yangu si kubwa. Kuna vyumba viwili vya kulala, sebule, na jiko lenye dirisha linalotazama uani. Viatu vinaachwa mlangoni. Kitambaa cha kufutia meza hakigusi jiko na cha jiko hakigusi meza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nafagia na kupiga deki nyumba nzima, nikirudi natimua vumbi, Jumamosi nashusha mapazia, na mtu akiinuka kwenye kiti mkono wangu unakwenda wenyewe kunyoosha mto na kufuta pale alipoweka viwiko. Jirani yangu, mshonaji wa upande wa pili wa ukuta, anasema kwangu mtu akipiga chafya inabidi amwombe radhi fremu ya picha. Nilicheka aliposema hivyo, kisha alipoondoka nikafuta mahali alipokuwa ameegemea.

Baba alipohamia alikuja na sanduku la vifaa vyake na redio mbovu za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Akaanza kuzifungua kwenye meza ya chakula. Nilikuwa nakuta skrubu kwenye kochi, vipande vya waya chini ya zulia, harufu ya risasi ya kuunganishia waya kwenye mapazia niliyoyafua juzi. Sikumgombeza, kwetu mtoto hagombezi mzazi, nilimwambia kwa upole kwamba kwenye kibaraza cha nyuma kuna mwanga mzuri zaidi, na mwanga ni mzuri kweli, ila sikumhamisha kwa ajili ya mwanga na nadhani alilijua hilo. Akahamia kibarazani. Upepo ukawa unamwangushia skrubu sakafuni na yeye hawezi kuinama kwa lile goti, na baada ya muda nikaona sanduku limefungwa na limesukumwa chini ya tangi la maji, na sikuuliza, kwa sababu kibaraza kilikuwa kimepata nafasi.

Ndipo akaanza kuosha vyombo. Nilimkataza, akaniambia, "Niachie hata hiyo, mama. Mtu hawezi kutundikwa tu ukutani kama kalenda." Basi nikamwachia. Kila siku baada ya chakula anasimama kwenye sinki, anaimba kwa pua, anaosha polepole na kuvipanga kwenye kichanja kwa namna yake, sahani kubwa zikitazama dirisha. Lakini macho yake yamechoka, Shangazi. Sufuria zinabaki na utando wa mafuta upande wa chini, vikombe vinabaki na duara la chai. Mimi nikawa nasubiri atoke jioni kwenda kwa wenzake wanaocheza drafti kwenye duka la vinyozi, halafu navishusha vyote na kuviosha upya, kisha navirudisha vilivyokuwa, kila sahani mahali alipoiweka, hata kijiko kikiwa kimegeuzwa alivyokigeuza yeye, ili asijue. Niliona kwamba kwa kufanya hivyo namstahi. Naomba uniamini katika hili.

Wiki iliyopita alisahau mwavuli akarudi. Sikumsikia, maji yalikuwa yanatiririka. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na mkononi mwangu nilikuwa na kikombe chake chenye povu. Alikitazama kikombe, akatazama kichanja kilichokuwa kitupu, kisha akasema, "Endelea, mama. Nimefuata mwavuli tu." Akauchukua, akatoka. Nilimalizia kuosha, fikiria hilo, nilimalizia.

Tangu siku hiyo anakula kwenye sahani yake mwenyewe. Nimeingia chumbani kwake kufagia nikakuta kwenye kizingiti cha dirisha ameweka sahani moja, kikombe kimoja na kijiko, vimefunikwa kwa kitambaa, kama mpangaji anayeogopa kuchanganya vitu na vya wenye nyumba. Akimaliza kula anaviosha mwenyewe kwenye bomba la nje na kurudi navyo chumbani. Anatabasamu. Ananisalimia vizuri kuliko zamani. Halafu kaka akanipigia simu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kuna nini huko, kwa sababu baba amemwomba aje amchukue Jumapili.

Nilikwenda kumkabili baba. Nilimkuta anapanga mashati. Nilimwuliza kama nimemkosea, akasema hapana, nikasema basi kwa nini, na kwa kaka hana hata kitanda. Aliketi kitandani, akafikiri, kisha akasema, "Siondoki kwa hasira. Wewe ni mtoto mwema na nyumba yako ni nzuri. Nataka tu kukaa mahali ambapo nikiinuka kwenye kiti, hakuna anayekifuta."

Nilitoka nikaenda kusugua bafu.

Kuna jambo la mama nalo nalazimika kulisema ili unielewe. Mama alifariki nikiwa bado sekondari, na nyumba yetu, iliyokuwa nyuma ya kibanda cha baba, ilizama. Hakuna aliyefagia. Vyombo vilikaa kwenye beseni mpaka vikanuka, nguo zilirundikwa juu ya kitanda chake, na baba aliendelea kutengeneza redio mchana kutwa kwa kuwa nadhani hakujua jambo lingine la kufanya, na siku moja nilirudi kutoka shuleni nikapiga magoti nikaanza kusugua sakafu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kifua changu kililegea. Sijaacha kusugua tangu siku ile. Nilidhani utulivu uko ng'ambo ya usafi, kwamba nikimaliza nitaukuta umeketi unanisubiri, lakini simalizi. Nikiketi nasikia nyumba inaniita, mara sinki, mara kioo, mara kona ya nyuma ya mlango, na sijui lini mara ya mwisho nilikunywa kikombe cha chai mpaka mwisho nikiwa nimekaa.

Na hili la mwisho ndilo linaloninyima amani. Alipokuwa anapanga yale mashati, mimi binti yake nikiwa nimesimama pale na machozi yananilengalenga, nilijikuta nafikiria jinsi chumba kile kitakavyokaa vizuri akishaondoka. Niliona shuka limevutwa, dirisha tupu, sakafu inang'aa. Nilifurahi kidogo, kwa ukubwa wa pumzi moja tu, lakini nilifurahi.

Nifanyeje, Shangazi? Nimwache aende, kwa kuwa labda mtu kama mimi hapaswi kuishi na watu? Na kama akibaki, mtu anawezaje kuweka nyumba safi bila nyumba hiyo kuwatoa watu nje?

Ni mimi,
Asiyetulia Kwake

*

Asiyetulia, binti yangu,

Nimeisoma barua yako mezani kwangu, makombo ya mkate wa asubuhi yakiwa chini ya kiwiko, na nimeyaacha palepale mpaka nimalize kukujibu. Nakuambia hivyo ujue unazungumza na mtu wa aina gani.

Kwanza pole. Pole ya mama, ambayo naona hukupewa ya kutosha wakati ule, maana nyumba nzima ilikuwa inaomboleza na wewe ndiye uliyepewa tambara la deki. Mtoto wa sekondari aliyerudi kutoka shuleni na kupiga magoti kusugua sakafu alikuwa anajiokoa, na alifanya vizuri. Usimwonee haya. Nadhani hata sufuria unazozirudia leo nyingi ni za beseni lile la zamani. Lakini beseni lile lilishaoshwa siku nyingi, mwanangu. Baba yako aliyeshindwa kufagia wakati ule ndiye leo anayesimama kwenye sinki yako na goti bovu, anaimba kwa pua. Hukuona kitu hapo? Mimi nimekiona nikiwa mbali hivi.

Na ile furaha ya pumzi moja, ipite. Mtu aliyechoka hufikiria chumba kitupu kama mwenye njaa anavyofikiria chakula. Umechoka. Hiyo haikufanyi mtoto mbaya. Ungekuwa mtoto mbaya usingeniandikia, ungekuwa unapima mapazia mapya ya chumba kile.

Sasa nikugombeze, maana umeomba ukweli.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee wa watu hakusubiri kupewa, alilichukua jembe mwenyewe. Akalima. Wewe ukapita nyuma yake ukalima tena shamba lilelile, kisha ukarudisha hata nyayo zake mahali pake ili asijue. Unaita hiyo kumstahi. Binti yangu, ungemwambia usoni, "Baba, sufuria hii imebaki na mafuta," angekasirika kidogo, angesema, "Ni macho yangu haya," mngecheka, na yangeisha. Mtu unayeishi naye unamwambia. Anayefichwa ni mtoto mdogo au mgonjwa, na baba yako alipoona kikombe chake kwenye povu alijua umemweka kwenye fungu gani. Ndiyo maana amekuwa mpole hivyo. Wazazi wetu wakituogopa huwa na adabu sana.

Umeuliza kama mtu wa aina yako aishi peke yake. Acha mambo hayo. Hilo ni swali la kujihurumia, na linakuepusha na kazi ya kubadilika. Swali lako la pili ndilo la maana, na jibu lake ni dogo kuliko unavyodhani.

Usafi wa nyumba ni kama kula. Hakuna anayekula akamaliza kula kwa maisha yake yote. Unakula cha leo, unashiba, unainuka. Wewe unataka kuisafisha nyumba mpaka iwe imesafishwa milele, ndiyo maana hukai. Chagua kazi za kila siku zilizo chache, zile ambazo zisipofanywa watu wanaugua au wanateleza: vyombo visilale kwenye sinki, taka zitoke, pafagiwe wanapopita watu, choo kiwe choo cha kuingilika. Mengine yagawie wiki, leo bafu, kesho vumbi, keshokutwa nguo, na mapazia yako yashuke mwezi ukigeuka, hayajakukosea chochote. Ukishamaliza ya siku hiyo, funga. Kwenye kampuni yako nina hakika kuna siku mswada unakwenda mtamboni hata kama bado kuna jambo linakukera ukurasa wa kati. Nyumba nayo ipelekwe mtamboni kila jioni. Utakaposikia kona ya nyuma ya mlango inakuita, iambie zamu yake ni Alhamisi. Sema kwa sauti kama ni lazima, mshonaji wako akisikia kupitia ukuta atapata hadithi nyingine ya kukucheka, na kucheka hakujaua mtu.

Mtu akiinuka kwenye kiti, iweke mikono yako chini ya mapaja yako. Sifanyi mzaha. Ikalie. Siku za kwanza utasikia kuwashwa mwili mzima. Kuwashwa hupita.

Na usiyafanye hayo yote peke yako kisha ukaja kunilalamikia mgongo. Mna watu wawili humo ndani. Gawaneni. Kazi ya baba iwe ya baba mwanzo hadi mwisho, aifanye kwa namna yake, na wewe usiikague. Macho yake yamechoka, basi weka taa juu ya sinki, mchemshie maji ya moto ya kuondoa mafuta, nunua sponji yenye upande mgumu. Sufuria ikibaki na utando, mwonyeshe, mpe, arudie yeye. Ikibaki na utando mdogo ambao ni wewe tu na darubini yako mnaouona, pikieni. Hamtakufa. Umekua kwenye nyumba iliyokuwa na vumbi la redio mia na bado ukasoma ukawa mtu.

Lile sanduku chini ya tangi la maji limenikaa kooni kuliko vyombo. Litoe leo. Lifute, hilo nakuruhusu. Tafuta sinia kubwa lenye ukingo, liweke kwenye meza karibu na dirisha la sebule, na umwambie baba skrubu zisivuke ukingo. Ndani ya sinia ni nchi yake, huna paspoti. Chakula kikiiva sinia linabebwa na kuwekwa juu ya kabati likiwa na kila kitu ndani, na kikishaliwa linarudi. Harufu ya risasi fungulia dirisha. Nyumba anayoishi fundi ina harufu ya fundi, na siku moja, Mungu aiweke mbali, utaitafuta harufu hiyo kwenye mapazia yako na hutaipata.

Tunakuja kwenye Jumapili. Nakujua, umeshaandaa hotuba. Umeipanga vizuri, ina mwanzo na mwisho, na utalia katikati. Usiisome. Ukimlilia baba yako atabaki kwa ajili ya kukubembeleza, na wiki ijayo atakuwa na sahani yake dirishani vilevile. Na usiende kuichukua ile sahani kwa mkono wako kuirudisha jikoni, ataona unasafisha chumba. Mwambie maneno machache tu, kwamba ulikuwa unarudia kuosha vyombo vyake, kwamba ulimficha, na kwamba ulikosea kumficha. Akisema haina shida, usikubali haraka hivyo, mwambie ina shida. Kisha usimwombe abaki. Mwombe kazi. Mwambie vyombo vya mchana vinamsubiri na wewe huvigusi. Halafu nenda ukakae sebuleni, mbali na jiko, na chai yako, uinywe mpaka mwisho huku unasikia maji yanatiririka na mtu mwingine ndiye mwenye bomba. Hicho ndicho kipimo chako. Na akivipanga kwenye kichanja, jioni ule kwenye sahani hiyo hiyo mbele yake.

Huenda bado akaenda kwa kaka yako. Sitakudanganya, mzee aliyekwisha kukunja mashati ana haki ya kuyapeleka alikosema. Akienda, mbebee begi, mpe na lile sinia, msalimie kaka yako bila ugomvi, na mwambie baba mbele ya wote kwamba chumba ni chake, aje akichoka na televisheni. Atachoka. Lakini akija kurudi, Asiyetulia, ajue palikuwa na mahali palipoitwa pake hata wakati hayupo.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani Jumapili baada ya kumsindikiza, usiingie mle chumbani mwake na ndoo. Kama shuka limekaa upande, liache limekaa upande. Vumbi likianza kutua kwenye kizingiti cha dirisha, litue. Mlango uache wazi, na kitanda chake usikitandike upya.

Shangazi